Jumanne Tatu Nilizokatazwa Kusalimia

Mmeniomba niwaandikie kuhusu mkakati wa kuboresha huduma za afya. Haya, nitaandika. Lakini kwanza: hamjambo? Mmeamkaje? Miguu haiumi? Msinijibu "poa" halafu mkarudi kwenye simu zenu, maana stori yangu yote imo kwenye hilo swali la mwisho, na siku tuliyoliruka nusura mtu apoteze mguu wake.

Mie naitwa Somoe. Nilikuwa karani wa masjala katika kituo kimoja cha afya Temeke, upande wa Chang'ombe, mpaka nikastaafu. Jina la kituo silitaji, wenyewe wanakijua. Masjala ni kile chumba cha mafaili nyuma ya dirisha, pale mgonjwa anapoanzia. Najua nyie mkienda hospitali mnamfikiria daktari tu. Sasa niwaambie, kabla ya daktari kuna mie, na nikilikosa faili lako, hata daktari awe bingwa wa mabingwa atakuuliza upya unaumwa nini tangu uzaliwe.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Anastazia, mama wa Songea, mrefu, mkali, anatembea na rula mfukoni. Alinifundisha kwamba ukitoa faili kwenye rafu uache kipande cha boksi mahali pake, umeandika jina na limekwenda kwa nani. Alinifundisha usipange kitu rafu ya chini, maana mvua ya masika haina adabu. Na alinichapa rula ya mkono siku aliyoniona nalamba kidole ili nifunue karatasi. "Lamba, lamba," akasema, "ule magonjwa ya kata nzima." Toka siku hiyo nina sponji yenye maji kwenye kisahani, na hata leo nyumbani nikihesabu noti naitafuta.

Enzi hizo mgonjwa alikuja na daftari lake, lile la shule, analiweka dirishani kabla hatujafungua. Wa kwanza analiweka, wa pili anaweka juu yake, na wa tatu hivyo hivyo, mpaka rundo linafika kifuani. Karani akifika, jambo la kwanza ni kulipindua rundo zima chini juu, ili wa kwanza aje juu. Siku yangu ya tatu kazini nikasahau kupindua. Nikaanza kuita majina kutoka juu, kwa sauti nzuri kabisa, najiona nimeiva. Waliofika saa mbili wakaingia wa kwanza, waliofika alfajiri wakabaki wanaangaliana. Mama mmoja wa Keko akaja dirishani taratibu, akaniinamia. "Mwanangu, kwenu kwenye shughuli wanaanza kula waliochelewa?"

Mama Anastazia hakunipiga rula siku hiyo. Alinitoa dirishani, akaniamuru nipite benchi kwa benchi, nimsalimie kila mtu kwa jina lake na kumwomba radhi. Nikapita. Nilikuwa na aibu mpaka masikio yanawaka. Lakini kufika benchi la tatu nilikuwa nimeshajua nani kafiwa, nani mumewe kapata kazi kiwandani, na nani dawa zimemshinda anazificha chini ya godoro. Hapo ndipo nilipoupata ugonjwa wangu wa kusalimia, na sijapona.

Sasa njooni kwenye Jumanne.

Kila Jumanne ilikuwa kliniki ya presha na sukari. Wazee watupu. Anayepimwa sukari anatakiwa aje bila kula, kwa hiyo kila mmoja anawahi akidhani akiwahi atamaliza mapema. Wanafika kabla jua halijatoka, halafu wanakaa. Wanapanga foleni kwangu wapate faili, wanapanga foleni ya presha, wanapanga ya sukari, wanapanga ya daktari, wanapanga ya dawa. Saa saba mchana mtu hajatia kitu tumboni. Ilikuwa haipiti Jumanne bila mzee kuanguka. Nilikuwaga na soda mbili kwenye droo, chini ya mihuri, za kuwanywesha wanaoanguka.

Siku moja mganga mfawidhi, yaani daktari mkuu wa kituo, akatuita wote. Ana barua mkononi, na uso wake ulishatusomea kabla yake. Barua ya wakubwa ilisema tunapewa miezi mitatu. Ikiwa wazee hawatakuwa wanamaliza kabla ya adhuhuri, kliniki ya Jumanne inafungwa na wagonjwa wote wanahamishiwa hospitali kubwa ya mjini.

Habari haikukaa hata nusu saa, ikamfikia Mzee Likanga. Huyu alikuwa mchonga vinyago, mtu wa Newala, kibanda chake cha mabati kipo nyuma tu ya ukuta wa kituo. Mie mtu wa Lindi, kwa hiyo tulikuwa tunataniana kisawasawa. Sukari ilimkaa miaka mingi, na sukari, kama hamjui, inatia miguu ganzi. Mtu anakanyaga msumari asijue, na kidonda kikianza hakisikiki mpaka kimefika pabaya. Ndiyo maana mtu kama yeye haruki kliniki hata Jumanne moja.

Akaja dirishani na vumbi la mpingo kwenye nyusi. "Somoe mwanangu, nimesikia. Mie huko mjini siendi. Magari mawili kwenda, mawili kurudi, ngazi juu, na daktari asiyenijua. Wakihamisha, mie na mguu wangu tunabaki hapa hapa. Tutazikwa siku mbalimbali."

Alicheka mwenyewe. Mie sikucheka, maana nilimjua. Akisema haendi, haendi.

Basi tukaletewa Upendo. Binti wa Moshi, ofisi yao Msasani, kazi yao kutengeneza mifumo ya hospitali. Alikuja na kishikwambi mkononi na raba nyeupe pee. Mvua ilikuwa imenyesha na tope la pale getini mnalijua, nikasema moyoni, huyu harudi.

"Shikamoo mama. Nimekuja tutengeneze mkakati wa bidhaa."

"Marahaba. Bidhaa gani tena? Mie hapa siuzi hata pipi."

Akacheka. "Bidhaa ni hii huduma yenyewe, mama. Tunataka kujua mteja anataka nini, halafu tumpe."

"Mteja anataka kula," nikamwambia.

Akacheka tena. Hakuandika. Nyie mkumbuke hapo.

Jaribio lake la kwanza lilikuwa ujumbe wa simu. Kila mzee atumiwe saa yake ya kufika, ili wasirundikane asubuhi. Kwenye karatasi lilipendeza sana, hata mie nililisifia. Jumanne ikafika, wazee wakaja wale wale, giza lile lile. Kumbe simu za wazee zinashikwa na wajukuu! Namba aliyoandikisha Mzee Likanga ilikuwa ya mjukuu wake, kijana wa bodaboda anayeishi Gongo la Mboto. Yule kijana akapata ujumbe: "Ndugu Likanga, fika kliniki saa nne kamili bila kula." Na kweli akafika, saa nne kamili, bila kula, helmeti kichwani, macho yamemtoka. "Jamani, nimegundulika na nini?"

Tukampima. Mzima kama nini. Babu yake alicheka mpaka ikabidi tumpime presha mara ya pili.

Upendo hakununa, na hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Alifuta, akaanza upya. Jumanne iliyofuata alikaa kwenye kona tangu tunafungua mpaka tunafunga, anahesabu dakika kwenye simu yake na kuandika. Kesho yake tukaitwa kikao. Akabandika mchoro ukutani, visanduku vimefuatana, mgonjwa anatoka hiki anaingia kile. Vyote vya kijani. Kimoja chekundu.

"Foleni inakwama hapa," akasema kwa heshima zote.

Nikavaa miwani. Kwenye kile chekundu pameandikwa DIRISHA LA MASJALA. Na dirisha la masjala ni nani? Ni mie Somoe.

Wallahi niliona moto. Alisema mambo mawili. La kwanza, mafaili ya wazee nimeyapanga kwa namna ninayoijua mwenyewe. Ni kweli. Majirani niliwaweka pamoja, mtu na mkewe pamoja, waliogombana rafu tofauti. Nikiwepo nalipata faili macho yamefumba. Siku niliyoomba ruhusa kwenda harusi ya mpwa wangu, wenzangu walitafuta mpaka wakalia. La pili, kila mzee anachukua dakika nne dirishani kwangu, na tatu na zaidi ni salamu. Akasoma kwa sauti, mbele za watu: "Mgonjwa wa kumi na moja. Shikamoo. Habari za nyumbani. Mkwe kajifungua? Mtoto gani? Kafanana na nani?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Hata mie ningecheka kama si mie niliyekuwa nasemwa.

Mganga mfawidhi akaamua pale pale. Mafaili yapangwe upya kwa namba. Na kwenye kioo cha dirisha langu kikabandikwa karatasi: TAJA NAMBA YA KADI TU. ASANTE. Nilinuna siku mbili nzima, chai yao sikunywa, na mafaili walipokuja kuyapanga upya nilikaa pembeni naangalia rafu zangu zinavunjwa ndoa. Mke namba mia tatu huko, mume namba elfu na kitu kule!

Jumanne ya kwanza ya namba ikafika. "Namba?" Anataja. Faili hilo. "Namba?" Anataja. Faili hilo. Saa tano na nusu nikachungulia nje nikaona benchi tupu. Sikuamini, nikatoka kabisa kuangalia kama wamekwenda kujificha. Hakuna mtu. Hakuna aliyeanguka. Soda zangu mbili zimebaki droo. Mganga mfawidhi, mtu ambaye hatukuwahi kuyaona meno yake, alitikisa mabega kidogo katikati ya ukumbi. Upendo akanunua sambusa kwa wote, na mie nikala tatu, hasira zikaisha. Nisiwe muongo: nilifurahi. Kliniki inabaki, Mzee Likanga anabaki. Nikajisemea, kumbe miaka yote hii mdomo wangu ndio uliokuwa unawachelewesha watu.

Jumanne ya pili Mzee Likanga akasimama dirishani. Huyu mtu miguuni ni katambuga siku zote, vile vya matairi. Siku hiyo kavaa viatu vya kufunika. Na soksi. Joto lile la Dar, soksi! Mdomo ukanifunguka nimuulize. Nikaona karatasi kwenye kioo. Nikaona foleni nyuma yake, na Upendo kwenye kona na simu yake.

"Namba?" nikasema.

Akanitazama kidogo. Akataja namba. Nikampa faili, akaenda.

Nataka mlielewe hili vizuri, wanangu. Viatu niliviona. Sitasema leo kwamba sikuviona.

Kwa daktari akaulizwa ana shida yoyote. Akasema hana. Na sie watu wetu ndivyo walivyo. Mzee wa kusini, au wa pwani, au wa popote alipolelewa vizuri, haanzi na shida. Anaanza na salama. Ukiuliza tena ni salama. Ukiuliza mara ya tatu anashusha pumzi, anasema, "Salama, ila kuna kakidonda." Hiyo "ila" ndiyo kliniki yenyewe. Mie nilikuwa naisubiri kila siku dirishani pasipo kujua kwamba naisubiri. Nilidhani napiga soga tu.

Jumanne ya tatu tukamaliza mapema kuliko zote. Upendo akanionyesha kishikwambi, anatabasamu. "Mama, leo tumevunja rekodi. Mmoja tu ndiye hakuja."

"Nani?"

Akatafuta. Akasoma namba. Na mie namba zile nilikuwa sijazishika kichwani bado, lakini hiyo moja niliijua. Nikafunga dirisha, nikamshika mkono, raba zake na vyote, tukazunguka ukuta mpaka kwenye kibanda cha mabati.

Tulimkuta amekaa kwenye kigoda anachonga, mguu wa kulia kaupandisha juu ya gogo la mpingo, kaufunika na kanga kuukuu. Harufu niliisikia toka mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Habari za hapa?"

"Salama."

"Habari za tangu juzi?"

"Salama tu."

Nikachuchumaa. "Na mguu?"

Akaweka patasi chini. "Mguu... mguu si salama sana."

"Sasa mzee, Jumanne ile umekuja, umepita kwangu, umepita kwa daktari. Kwa nini hukusema?"

Hakukasirika. Alinijibu kama anavyomjibu mtu aliyeuliza bei. "Mliniuliza namba. Nikawapa namba."

Upendo aligeuka akautazama ukuta wa mabati. Alikuwa analia kimya kimya, na mie nikaanza, tukawa wawili. Mzee Likanga akatushangaa. "Sasa mguu ni wangu, mnalia nyie?"

Tukamtia kwenye bajaji, Upendo kapakata ule mguu mapajani mwake njia nzima. Hospitali wakasema tumewahi na hatujawahi. Wakasafisha, wakatoa usaha, wakasema tusubiri. Kidonda kikipanda juu, mguu unakatwa chini ya goti. Tulisubiri wiki. Wiki ile mie sikulala vizuri. Nilikuwa naswali nje ya saa za swala, kila nikifumba macho naona soksi. Mchonga vinyago anafanya kazi amekaa, gogo kalibana kwa nyayo. Mkate mguu, umemkata na mikono.

Walikata kidole. Kimoja, kile kidogo cha mwisho. Mguu ukabaki.

Siku aliyorudi kituoni na gongo lake, alikuja moja kwa moja dirishani, akaweka kitu kwenye kaunta. Kidole cha mpingo! Amekichonga mwenyewe, na ukucha wake, na mkunjo wake, kimeng'arishwa kinametameta. "Mwandikishe na huyu," akasema, "maana hana namba." Kituo kizima kilikuja kukiona. Mganga mfawidhi yule wa meno ya siri alicheka mpaka akashika kioo, na nilipoangalia, ile karatasi ya TAJA NAMBA ameing'oa anaikunja mfukoni.

Sasa msikimbilie kusema, basi Bi Somoe alikuwa sahihi, mfumo ulikuwa mbaya. Hapana. Tungerudi kwenye dakika nne dirishani, kliniki ingefungwa, na Mzee Likanga angekosa mguu kwa njia nyingine. Mwezi mmoja na nusu ulikuwa umeshakwenda. Upendo akaja siku moja bila kishikwambi, ana daftari la shule, akakaa na mie kwenye benchi la wagonjwa.

"Mama, zile dakika za salamu niliziandika kama dakika zilizopotea," akasema. "Niambie ulikuwa unasikia nini humo."

Nikamwambia. Anayejibu habari za chakula kwa kucheka, huyo anakula wali kila siku. Anayesema dawa anakunywa huku macho kayainamisha, zimeisha. Anayesifia mkwe sana, hapewi chakula. Aliandika kurasa na kurasa. Halafu akaangalia lile benchi, refu, limejaa watu wamekaa tu, na akasema kitu ambacho mpaka leo namvulia kilemba. "Mama, salamu si tatizo. Iko mahali pabaya. Hapa benchini watu wana saa nzima hawana la kufanya. Tuihamishe."

Tukaihamisha. Ikawa hivi. Mzee akifika, mlangoni tu anapimwa sukari na muuguzi, kabla ya faili, kabla ya chochote. Akishapimwa anaruhusiwa kula. Pale getini kuna mama lishe, chai na mihogo. (Mteja anataka kula. Nilisema au sikusema? Safari hii aliandika.) Akishakula anakaa benchini, na mie napita na salamu zangu, benchi kwa benchi kama ile siku ya adhabu ya Mama Anastazia. Nikiisikia "ila", nafunga uzi mwekundu kwenye kadi yake, na mwenye uzi mwekundu anaonwa kwanza, na daktari anaambiwa kwa nini. Dirishani kawekwa karani mwingine na kishikwambi, anatafuta faili kwa namba, haraka haraka. Mie dirisha nikalikabidhi. Niliumia, sitaki kuwaficha. Mtu amekaa kiti kimoja miaka yote halafu anaambiwa asimame. Lakini nilipoona mwenzangu analipata faili la mtu asiyemjua hata sura, nikanyamaza.

Na la miguu tulijifunza pamoja: usimuulize mtu mguu. Atakwambia salama. Mwambie avue viatu huku mnaongea habari za mkwe.

Miezi mitatu ikatimia, wakubwa wakaja na gari lao kukagua. Wakahesabu watu, wakaangalia saa, wakapiga picha benchi tupu kabla ya adhuhuri. Mmoja wao, bwana mnene mwenye tai, alisimama benchini kunihoji. Mie nikamsalimia kwanza, ndiyo kazi yangu. Habari za safari? Nzuri. Habari za nyumbani? Nzuri. Na wewe mwenyewe, baba, mwili unaonaje? Akalegeza tai. "Mzuri tu mama... ila kichwa kinanigonga toka jana."

Presha yake ilikuwa inagusa dari. Tukamfunga uzi mwekundu, akaingia wa kwanza kwa daktari. Kliniki haikuhamishwa, na yule bwana akawa anakuja Jumanne zake kama watu wengine.

Mniulize nyie mnaotengeneza mifumo: nitafanya nini nikipewa kituo? Nitawaambia mkakae benchini kabla hamjachora kisanduku hata kimoja. Mkiona jambo linachelewesha watu, msilifute mpaka mjue lilikuwa linafanya kazi gani. Upendo sasa ni bosi huko kwao, na kila anayemwajiri anamleta kwanza kukaa benchi moja Jumanne nzima, bila simu. Raba wanakuja nazo nyeupe bado, hawasikii.

Mie nimestaafu. Benchi nililiacha kwa nani? Hamtaamini. Kituo kilimwomba Mzee Likanga asaidie kusalimia, kwa kuwa yeye ugonjwa anaujua kwa ndani na muda anao. Anakaa pale na kidole chake cha mpingo mfukoni. Anayebisha kuvua viatu anaonyeshwa kile kidole, na kila mtu anavua.

Na mie sukari ikanikuta. Ndiyo, mie. Mwezi uliopita nilikwenda Jumanne yangu, nimepimwa mlangoni, nimekula mihogo yangu, nimejikalia. Akaja anachechemea, akanipa mkono.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba Somoe. Habari za Lindi yenu?"

"Salama."

"Habari za tangu mwezi jana?"

"Salama mzee, wajukuu wazima, niache niwahi dirishani, nina mambo mengi leo."

Mkono hakuuachia. Akanitazama, halafu akashusha macho taratibu mpaka chini.

"Somoe mwanangu," akasema, "mbona leo umevaa soksi?"

Nikavua.